Nani Muumba wa Utendi?

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumpima mshairi, mhariri na mfasiri. Fomu inayojazwa pale utendi unapoingizwa katika kompyuta haipimwi na mtu. Huonekana kuwa kazi ya karani, ilhali ndani yake maamuzi ya kihakiki hufanywa kimyakimya, na msomaji wa Muscat au London, ambaye pengine hataugusa mswada wenyewe maisha yake yote, huyapokea kana kwamba ni sehemu ya utendi.

Tuanze na Dublin Core, kiwango cha metadata kilichoasisiwa mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio nchini Marekani (si Dublin ya Ireland, kama wengi wanavyodhani). Kina vipengele 15 vya msingi: jina la kazi, mada, tarehe, lugha na kadhalika. Uzuri wake ni wepesi. Maktaba mbili zilizo mbalimbali zinaweza kubadilishana taarifa bila kukubaliana juu ya jambo lolote jingine. Lakini kipengele kimoja, kikitafsiriwa neno kwa neno, huitwa "muumba". Jina hilo kwa Mswahili lina mwenyewe, na tenzi nyingi huanza kwa kumsifu Yeye. Hata tukiliacha hilo, swali linabaki: muumba wa mswada ni nani? Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akiwemo William Hichens, na nakala za mkono wake zimo SOAS, London. Kijuma hakuwa mashine ya kunakilia. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, mtu mwenye sikio lake. Fomu ikimweka mtunzi katika kisanduku cha kwanza na Kijuma katika kile cha "mchangiaji", hukumu imeshatolewa. Ikimwacha kabisa, nakala yake husomwa kama sauti safi ya mtunzi aliyemtangulia kwa miongo au karne.

Tarehe nayo ina hila yake. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1275 Hijria. Katalogi huandika 1858 na kuendelea na shughuli nyingine. Lakini mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 na kuishia katikati ya 1859. Tarakimu moja ya Kizungu imeficha miezi mingi ya shaka. Kisanduku kinachodai mwaka mmoja hupata mwaka mmoja.

Kuhusu lugha nitasema machache. Viwango vya ISO vimekipa Kiswahili alama "swa", na chini yake "swh" kwa Kiswahili cha pwani na "swc" kwa kile cha Kongo. Kiamu na Kimvita, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wetu wa kale, hazina alama zake. Kuna, hata hivyo, alama ndogo inayostahili kutumiwa zaidi: "sw-Arab", yaani Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Bila alama hiyo, mswada wa Kiswahili huweza kuorodheshwa kuwa wa Kiarabu, na asiyejua hataupata.

Hati ndizo kiini cha mambo. Wanakili wa pwani walikuwa na irabu tatu za Kiarabu kwa irabu tano za Kiswahili: kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Herufi ba iliweza kusimamia b, p, mb au mp, kutegemea mazoea ya mnakili. Neno moja lililoandikwa kwa ba na ta laweza kuwa bata, pata au mbata. Mizani haisaidii hapa, kwa kuwa yote ni ya silabi mbili. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha husomwa na mtu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmishenari W. E. Taylor katika karne ya 19, aliliona tatizo hili na kuzirekebisha hati ili zitofautishe sauti zetu. Unicode si kikwazo: herufi za pe na che zimo humo, maana Kiajemi nacho kilizihitaji. Kikwazo ni desturi ya kuhifadhi matini ya Kilatini peke yake, ambapo uamuzi wa mhariri huvaa kanzu ya mtunzi.

Ndiyo maana siridhiki na PDF, hata ile ya kuhifadhia, PDF/A, iliyopata kiwango chake cha ISO mwaka 2005. Inatunza sura ya ukurasa kwa uaminifu mkubwa. Haijui ubeti ni nini.

TEI, mradi ulioanza mwaka 1987, inaujua. Ina alama ya ubeti, ya mshororo, na nyingine ya mahali mstari unapokatika katika karatasi. Tofauti hiyo ya mwisho inatufaa mno. Katika miswada, ubeti wa utendi huandikwa mara nyingi kwa mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia. Vitabu vya chapa huvikata na kuvipanga kimoja chini ya kingine. Faili la TEI linaweza kubeba mipangilio yote miwili. Linaweza kutaja tarehe ya Hijria pamoja na mipaka yake ya Kizungu, "si kabla ya" na "si baada ya". Gharama yake ni muda: ubeti mmoja waweza kula asubuhi nzima ya mtu anayekijua Kiamu, na wafadhili hupenda kuhesabu kurasa zilizopigwa picha.

Bado ningechagua tenzi kumi zilizofanyiwa kazi hiyo kuliko picha elfu zisizo na maelezo. Faili hilo huruhusu "pata" na "mbata" zikae pamoja, kila moja na jina la aliyeisoma hivyo na kiwango cha uhakika wake. Mwanafunzi wa Lamu akiona profesa wa Ulaya amesoma vibaya, anaweza kuongeza usomaji wa tatu chini ya jina lake mwenyewe, bila kuomba viza ya Uingereza.