Fundi, Soko na Jina



Huku kwetu Kwamkoro, katika milima ya Usambara, mtoto huiona hesabu ya biashara shambani kabla hajafundishwa darasani. Mchumaji wa chai hulipwa kwa uzito. Chai njema hutoka katika majani mawili na chipukizi lake, lakini majani yaliyokomaa ndiyo mazito. Basi kila asubuhi mchumaji yu baina ya mambo mawili: ajaze kapu upesi kwa majani makuukuu, mzani upande na chai iharibike; au achague, chai iwe njema na mkono wake uchelewe.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya fundi cherehani mmoja aliyenijia, naye alikuwa mwanafunzi wangu wa chuo tangu hajui kushika kalamu. Binti huyu hushona mabaibui na magauni ya harusi mjini. Hukata mwenyewe na hutarizi mwenyewe, na kazi yake huitambua hata ikitundikwa katikati ya nguo mia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Akanieleza kwamba tajiri mmoja anataka mabaibui mia mbili, na bei yake ni nzuri. Lakini ana masharti mawili: aiache tarizi yake afuate ile iliyomo katika picha, na kila baibui alitie shingoni lebo yenye jina la kigeni, ambazo tajiri mwenyewe amekwisha kuzinunua.

Nikamwuliza, "Na wewe wataka nini?"

"Nataka kulipa kodi ya duka, Maalim. Tena nataka kazi yangu ijulikane kuwa ni yangu. Naona viwili hivyo havikai chumba kimoja."

Nilimwomba anipe muda hadi Ijumaa. Haya niyaandikayo ndiyo niliyomjibu, nami nakuletea wewe msomaji kwa kuwa katika jambo hili na wewe umo. Tajiri yule hataki lebo kwa ajili yake, azitaka kwa ajili yako.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kauli ya kweli, lakini ina sharti lake ambalo aghalabu tunalisahau. Chema hujiuza kwa mtu akijuaye chema. Mbele ya asiyekijua, chema hukaa rafuni kimya, na kibaya kikapita mlango kwa mlango kikiimba.

Tazama vazi tulijualo sote. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso zilizouzwa kwa jora. Walikuwa wakikata vipande vitatu vitatu na kuviunganisha, likapatikana vazi moja la leso sita. Ubunifu huo haukutoka kwa mfanyabiashara, ulitoka barazani kwa akina mama. Wafanyabiashara waliuona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na maneno "Mali ya Abdulla" yakawa alama iliyojulikana katika kila nyumba. Kanga zikachapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na baadaye kwetu wenyewe, kama katika kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Katika habari hiyo faida na ubunifu vilikaa chumba kimoja bila kugombana. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi alikuwa na elimu. Mama alijua pindo lililokaa sawa na mji uliojaa vizuri, na jina alilisoma mara mbili kabla ya kutoa fedha. Kanga iliyochuja haikumrudisha dukani, na jina lisilompendeza halikutoka rafuni. Tajiri alipata fedha zake kwa kusikiliza.

Hata hivyo tusimalize kwa sifa tupu. Jina la Abdulla limechapwa pembeni mwa kitambaa, nalo limedumu zaidi ya miaka mia. Mama aliyeunganisha leso za kwanza hana jina popote. Hiyo ni dosari iliyomo katika habari yetu nzuri, nayo ndiyo inayomkabili binti yangu leo.

Tuwatazame sasa wenzetu walioikuza kazi hii ya nguo hadi ikawa mali ya kutisha. Halston wa Marekani alianza kwa kushona kofia, akafika mahali ambapo wanawake mashuhuri walijivunia kuvaa nguo zake. Mwaka 1973 aliiuza biashara yake kwa kampuni kubwa, na pamoja nayo akauza jina lake. Mwaka 1983 alikubali kubuni nguo za bei nafuu kwa maduka ya JCPenney. Wengi walimcheka kwa hilo, lakini mimi simcheki. Kumvisha mtu wa kawaida nguo nzuri kwa bei aiwezayo ni jambo jema, wala si aibu kwa fundi. Kosa lake lilikuwa lile la kwanza. Alipohitilafiana na wenye kampuni aliondolewa, na jina lake likabaki kwao. Alikufa mwaka 1990 hali nguo zenye jina lake haziko chini ya mkasi wake. Fikiri, msomaji: mtu yu hai, na jina lake linatembea sokoni bila yeye.

Mfano wa pili ni Azzedine Alaïa, aliyezaliwa Tunis mwaka 1935 akahamia Paris akiwa kijana. Nguo zake nyingi zilibana mwili, nami sisemi ziletwe majumbani mwetu. Lakini haki ya fundi tumpe. Katika mji ambao wabunifu hulazimika kuonyesha mitindo mipya kwa kalenda, iwe wako tayari au hawako tayari, yeye alionyesha kazi ilipokamilika. Alikata na kushona kwa mkono wake hata alipokuwa mashuhuri. Hakuikimbia biashara, kwani mwaka 2007 kampuni ya Richemont iliingia kama mshirika wake. Lakini hadi alipofariki mwaka 2017, mkasi ulikuwa mkononi mwake. Wote wawili, yeye na Halston, walichukua fedha za matajiri. Mmoja alibaki na neno la mwisho juu ya kazi yake, na mwingine hakubaki nalo.

Na hapa kwetu je? Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari, alianzisha Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam mwaka 2008, ili wabunifu wa eneo letu wapate jukwaa na wanunuzi. Fikra hiyo naisifu, maana fundi asiyeonekana hana soko. Yapo yanayopita katika majukwaa ya namna hiyo ambayo mzazi hawezi kuyaweka kabatini mwa bintiye, na hilo kila mtu na alipime nyumbani kwake. Langu ni jingine. Jukwaani nguo huonekana kwa dakika moja, tena kwa mbali na kwa taa. Hapana awezaye kuigeuza aone bitana wala upindo. Basi fundi hushawishika kushonea taa badala ya kumshonea mvaaji. Jukwaa ni mlango, na mlango si nyumba.

Imamu Abu Hanifa, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa. Imepokewa kwamba alimpa mshirika wake vitambaa auze, akamwonyesha kimoja chenye kasoro na kumwagiza amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau akakiuza kimya, wala hakumjua aliyenunua. Imamu alitoa sadaka fedha yote iliyopatikana katika mauzo yale. Ikiwa kasoro iliyosahauliwa ilikuwa nzito kiasi hicho, lebo ya uongo iliyoshonwa makusudi ina uzito gani?

Basi jibu langu kwa binti lilikuwa hili. Soko lina haki yake. Likitaka rangi nyeusi badala ya zambarau, mpe. Likitaka tarizi chache ili bei ishuke, punguza, na huko si kujidhalilisha, maana mteja ndiye atakayeivaa nguo. Ukifuata picha ya mwingine, sema kuwa umefuata. Lakini mambo mawili usiyauze: uzima wa mshono, na ukweli wa jina. Fundi aliyepunguza tarizi aweza kuirudisha mwakani. Fundi aliyezoea kujificha nyuma ya jina la mtu mwingine, hata akishona vizuri, kila baibui atoalo humjengea mwingine.

Alinisikiliza, akaenda akamwambia tajiri kwamba atashona kwa tarizi nyepesi na kwa bei ile ile, ila bila ya lebo. Tajiri alicheka, akaipeleka oda kwa fundi mwingine. Sitakudanganya, msomaji, kwamba siku ya pili yake alipata oda iliyo kubwa zaidi. Hakupata. Anashona sare za watoto wa shule na anadaiwa kodi ya mwezi mmoja. Nilipomwuliza kama amejuta, alisema, "Usiku hujuta, Maalim. Asubuhi nikishika cherehani hayo huniondoka."

Siku ya Idi mjukuu wangu alikuja kunisalimu na baibui jipya. Kabla sijalitazama, aligeuza ukosi akanionyesha lebo ya kigeni kwa furaha. Sikujua limeshonwa na nani, wala yeye hakujua. Niliushika upindo nikauona umeshonwa kwa mishono mirefu ya haraka, na uzi umekwisha kuanza kuachia. Nikanyamaza, maana ilikuwa Idi. Lakini nikajua kwamba nimemfundisha mtoto huyu kusoma herufi, wala sikumfundisha kusoma mshono.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Mama zetu waliijua kanga, ndiyo maana matajiri waliwasikiliza. Tukiwafundisha mabinti na vijana kugeuza nguo ndani nje, kuvuta uzi, kuuliza imeshonwa na nani kabla ya kuuliza jina lililoandikwa, fundi mkweli atalipa kodi yake. Tusipowafundisha, tusimlaumu atakayeshona lebo.

Wabillahi tawfiq.