Picha, Masimulizi ya Ukoo na Kitabu cha Kitereza

Katika nyumba za Mwanza na za mwambao wa Ziwa hupatikana picha za zamani zilizotunzwa vizuri, lakini mara nyingi nyuma yake hapana hata neno moja. Picha huhifadhi uso, wala haihifadhi jina. Mwenye kulijua jina akifa, picha ya babu hugeuka kuwa picha ya mzee asiyejulikana.

Kwa sababu hiyo yafaa kukisoma tena kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisimuliacho habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Msomaji wa leo aweza kulaumu kwamba hadithi yaenda polepole mno: maamkizi, mapishi, kilimo, uvuvi na dawa huelezwa kwa urefu. Lawama hiyo ni ya haki kwa atafutaye kisa tu. Lakini mwandishi alikusudia kuhifadhi mambo pamoja na maneno yake. Picha ya watu waliozunguka mtungi wa pombe ya ndizi huonyesha mtungi. Haiwezi kueleza pombe hiyo yalipa deni gani. Katika kitabu, msomaji ajua kwamba wakwe wanaidai kabla ya kumrudisha Bugonoka kwa mumewe.

Hata hivyo kitabu kina upungufu wake. Habari zake ni za kabla ya Wazungu kufika, na watu wake ni wa kubuni. Atakaye kujua nani alitawala, na lini, hapati jibu la kutosha. Hapo ndipo masimulizi ya koo yanapohitajiwa. Gerald Hartwig, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu, aliyatumia kuijenga historia ya dola hiyo.

Asiyeandika jina lake huandikiwa na mgeni. Speke alipoliona Ziwa mwaka 1858 aliliita Victoria, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao. Na mawe yaliyo majini karibu na bandari ya Mwanza hujulikana katika picha nyingi kwa jina la Bismarck.

Kitereza na mkewe hawakubakiwa na mtoto wa kumsimulia. Akasimulia kwa karatasi. Wenye wajukuu wana njia iliyo rahisi zaidi: kumketisha mzee mbele ya picha, na kuandika nyuma yake, kwa lugha ya nyumbani, jina la kila mtu, mahali na mwaka, maadamu mzee yu hai.