Keria Huangaliwa Miguuni

Mwezi uliopita niliingia kwenye mgahawa mmoja mjini Shinyanga nikakuta baiskeli nyeusi ya Phoenix imetundikwa ukutani, watu wanapiga nayo picha. Mwenyeji akanionyesha keria kwa fahari: "Hii ni ya machimboni Geita, mzee wangu, mkono wa zamani kabisa." Wageni wakaguna kwa kustaajabu. Mimi nikachungulia kwenye ekseli, nikaagiza chai. Ningesema nini? Kazi ya grenda ile, wala haijamaliza miaka mitatu.

Wengi huanzia kwenye nembo: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Swala yetu ya Dar es Salaam. Wakishaona kichwa cha korongo wa Raleigh kwenye fremu wanadhani wamemaliza. Nembo haijui habari za keria. Keria ya kiwandani ilikuwa ya bapa nyembamba na springi ya kubania, saizi ya karani na mafaili yake. Kiroba cha mawe kutoka duarani, yaani shimoni, kwenda kwenye karasha ya kuyasaga kingeilaza siku hiyohiyo. Ndiyo maana mafundi wa Nyarugusu na Rwamagasa waliing'oa, wakafua ya kwao kwa nondo.

Sasa njoo miguuni. Keria ile husimama kwa miguu miwili inayoshuka hadi ekseli ya nyuma, na kila mguu una tundu nchani. Fundi wa leo anakata nondo, anachomelea washa kwenye ncha, na chai yake haijapoa. Fundi wa zamani alitia ncha motoni mpaka ikawa nyekundu, akaigonga juu ya fuawe ikapanuka kama mwiko, kisha akaitoboa kwa tindo ikiwa bado na moto wake. Wengine hutoboa kwa kekee, lakini kekee hula chuma, na tundu lake huacha mbavu zimekonda. Tundu la moto karibu halipotezi kitu: chuma husukumwa pembeni, mguu ukavimba kulizunguka kama koo la nyoka aliyemeza yai. Pitisha kidole gumba, utaisikia nundu hiyo hata gizani. Halafu tazama upande wa nati. Kuna pete iliyong'aa, nayo haiko katikati sawasawa, kwa sababu njia ya machimbo hulegeza nati na mwenye baiskeli huikaza tena, mwaka hadi mwaka, kila mara imehama kidogo. Pete iliyokaa katikati naitilia shaka.

Nilimfahamu mzee mmoja Nyarugusu aliyejihesabu katika ukoo wa Warongo, wale wafua chuma wa Uzinza ambao majembe yao yalifika Usukuma kwa biashara. Hakupokea pesa kabla ya majaribio, na majaribio yalikuwa yeye mwenyewe: mtu wa kilo tisini anapanda juu ya keria, anamwamuru mteja apige pedali hadi mnadani na kurudi. Njia nzima anasikiliza. Ikilia, anaivunja.

Upande wa pili yupo kijana wa Kahama aliyekuwa akipaka keria zake maji ya betri ili zionekane za zamani, kisha akizifukia kwenye samadi wiki nzima. Zilitoka na kutu ya kuvutia, ila sawasawa kila mahali. Kutu ya kweli ina upendeleo. Hujificha kwenye makwapa ya maungio na kukimbia pale mipira ya tyubu ilipokuwa ikifungwa kila siku.

Vyuma vya katikati ya keria viwe vitano. Vinne ni ubahili, sita ni majivuno. Rangi sitaki kuiona. Na keria ya daladala ya Shinyanga, yaani baiskeli ya abiria, yenye sponji na kitambaa cha maua, ni fani nyingine, msinichanganyie.

Leo mawe yanapanda pikipiki, na fuawe ya mzee yule imebaki kigoda cha wajukuu. Zamani asubuhi ulizisikia baiskeli kabla hujaziona, tairi zikisaga changarawe, keria kimya. Kimya kile ndicho kilikuwa saini ya fundi.

Kama moja imebaki nyuma ya nyumba yenu, nakuomba, kabla hujawapimia wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo, ipindue kwanza uipitishie kidole gumba.