Kuishusha Kombi kwa Hesabu ya Meno

Kombi ya zamani, ile yenye kioo cha mbele kilichogawanyika mara mbili, iliyotengenezwa Ujerumani tangu 1950 hadi 1967, haina springi ya kukata. Fundi mwenye pupa hana pa kuanzia. Kwenye magari mengi yenye springi za mzunguko, mtu akitaka gari lilale chini hushika grainda, akaondoa mzunguko mmoja au miwili, na kabla jua halijatua gari limeshuka na abiria wameanza kulalamikia migongo. Kwenye Kombi kinachobeba uzito kimefichwa ndani ya mabomba chini ya sakafu. Hakikatwi. Kinahamishwa, jino kwa jino, na kila jino lina hesabu yake. Kazi hii ikifanywa vizuri huoni chochote alichokigusa fundi. Unaona kimo tu, na gari linatembea kama lilivyotembea siku zote.

Nyuma, kifaa chenyewe ni fimbo ya chuma cha springi iliyonyooka, moja kwa kila upande. Ncha ya ndani imeshikwa katikati ya gari isizunguke. Ncha ya nje imevaa bapa la chuma linaloelekea kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, bapa linapanda nalo na fimbo inajisokota mithili ya shuka linalokamuliwa. Jiwe likipita, fimbo inajinyoosha na kulirudisha gurudumu chini. Ferdinand Porsche aliuombea mpango huu hataza mwaka 1931, ukaingia kwenye Volkswagen Beetle, na kutoka kwenye Beetle ukarithiwa na Kombi. Mbele zipo bapa nyembamba zilizobanwa pamoja ndani ya mabomba mawili, moja juu ya jingine, zikifanya kazi ileile ya kusokotwa.

Anayeendesha Hiace, iwe ya daladala au matatu, amebebwa na fimbo za msokoto za aina hiyo mbele, ila Hiace ina bolti ya kurekebishia. Fundi akikaza, gari linanyanyuka, akilegeza, linashuka. Kombi haina bolti hiyo. Ina meno tu, na ndiyo maana inamdai fundi akili nyingi zaidi kuliko nguvu.

Isitoshe, gari hili lilizaliwa refu kwa makusudi. Mholanzi Ben Pon, mwingizaji wa Volkswagen nchini mwake, alichora umbo lake la kwanza kwenye daftari tarehe 23 Aprili 1947: sanduku juu ya magurudumu, injini nyuma, dereva mbele, mzigo katikati. Lilikusudiwa kubeba kilo 750 hivi kwenye barabara za Ulaya iliyotoka vitani, na nyingi hazikuwa na lami. Huku kwetu, urefu huohuo ndio uliozifaa Kombi za watalii kwenye vumbi na matope ya mbuga. Kwa hiyo anayeishusha analiambia gari liache kazi ya kwanza lililoumbiwa, lijifunze lami. Mapenzi haya yalikomaa California, ambako vijana wa Orange County walianza kuinamisha pua za Beetle zao tangu miaka ya 1960. Kombi zikafuata, kisha Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani yenyewe.

Kuna watu wanaoshusha gari mpaka linagusa ardhi, kisha wanalisukuma kwenye maonyesho. Mimi hayo hayanivuti. Ninachokistaajabia ni gari lililoshuka na bado lina nafasi ya kupanda na kushuka, lenye springi inayofanya kazi, lisilogonga kwenye kila tuta. Kila sentimita unayoshusha kwa njia ya kivivu unaiiba kwenye nafasi ile ambayo gurudumu hupandia. Fundi bora ni yule anayejua kila sentimita aliyoishusha imetoka wapi.

Tuanze nyuma, maana huko ndiko hesabu ilikonoga.

Gari limeshasimama kwenye stendi, magurudumu yametoka. Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi huchukua tindo na nyundo, akapiga alama ndogo pale ekseli inapokutana na bapa. Matundu ya bolti pale yamerefushwa ili gurudumu liweze kusogezwa mbele au nyuma kidogo, na asipoweka alama hatajua lilikuwa wapi. Kisha hupima. Huweka kipimapembe chenye pimamaji kwenye kizingiti cha mlango, kwa sababu gari likiwa juu ya stendi halikai sawasawa kamwe, na mwinamo wa bodi lazima utolewe kwenye kila kipimo kitakachofuata. Hapo ndipo hugeukia bapa.

Bapa likiwa mahali pake linakalia kizuizi cha chuma, na fimbo imeshasokotwa tayari hata kabla ya kupewa mzigo. Ekseli ikishafunguliwa, fundi huliwekea bapa jeki chini yake, akalisogeza nje kwa wenzo mpaka livuke kizuizi, kisha akateremsha jeki polepole. Hapa hakuna haraka. Bapa likiachiwa ghafla linaruka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Likishatulia, linaning'inia kwa pembe yake ya kweli, pembe isiyo na mzigo. Hiyo ndiyo namba anayoitafuta.

Sasa meno. Chukua fimbo ya Beetle, maana mpangilio ni uleule wa ukoo. Ncha ya ndani ina meno 40, ya nje ina meno 44. Ukiizungusha ncha ya ndani kwa jino moja, umehama nyuzi 9 kamili. Ukilizungusha bapa kwenye ncha ya nje kwa jino moja, umehama nyuzi 8.18. Kwa bapa lenye urefu wa sentimita 40, hizo nyuzi 9 ni kama milimita 63 kwenye ncha yake, na 8.18 ni kama milimita 57. Mtu anaweza kusema hizo ni hatua kubwa mno, jino moja na gari limeshuka karibu sentimita sita. Lakini peleka ncha ya ndani jino moja upande huu, na ya nje jino moja upande ule. Kilichobaki ni tofauti yao: nyuzi 0.82, yaani chini ya milimita sita. Fanya hivyo mara mbili, umepata milimita 11 na kitu. Wahandisi wangeweza kuweka meno sawa pande zote mbili na kazi ya kiwandani ingekuwa rahisi. Wao waliyatofautisha kwa manne tu, na kwa tofauti hiyo wakampa fundi kipimo chembamba bila skrubu wala bolti ya kurekebisha. Kila nikilifikiria jambo hili napata furaha ileile. Ni hesabu ya shule ya msingi iliyochongwa kwenye chuma.

Fimbo yenyewe hushikwa kwa heshima. Ya kushoto ni ya kushoto na ya kulia ni ya kulia. Zina alama kwenye ncha, kwa sababu kiwandani zimeshazoeshwa kusokotwa upande mmoja, na ukizibadilisha zitachoka na kukatika. Haziwekwi sakafuni wala hazishikwi kwa koleo. Mkwaruzo mdogo kwenye uso wa fimbo ndipo ufa unapoanzia, na rangi iliyopakwa kiwandani ina kazi ya kuizuia kutu isichimbe shimo lenye madhara hayohayo. Fundi mwangalifu huipitisha fimbo nzima mkononi, taratibu, akitafuta kwa vidole kile ambacho macho hayakioni. Bushi za mpira huzipaka poda kavu, si grisi, kwa kuwa grisi huula mpira. Na kifuniko hukirudisha kwa kutumia kwanza bolti mbili ndefu, akizikaza zamu kwa zamu mpaka mpira ukubali kubanwa, ndipo huweka za kawaida.

Halafu anaufanya upande wa pili, na hapa wengi hukosea kwa kuhesabu meno peke yake. Gari la miaka sitini halikubeba mzigo wake sawasawa maisha yote, na fimbo moja inaweza kuwa imelegea kuliko mwenzake. Anayejua hulinganisha pembe za bapa mbili zikiwa hazina mzigo. Hesabu ya meno ikitofautiana kushoto na kulia, hiyo haimsumbui.

Mbele mambo ni mengine. Bapa zile nyembamba zimefungwa katikati ya kila bomba kwa skrubu moja inayoingia kwenye kishimo. Hakuna meno ya kuhesabu, kwa hiyo fundi hukata bomba lenyewe katikati na kuchomelea kifaa chenye meno au bolti, kinachomruhusu kuzungusha kiini na kukifunga kwa pembe anayotaka. Kuchomelea huku kunahitaji mkono mtulivu, kwa sababu moto ukizidi bomba linapinda, na bomba likipinda mikono ya magurudumu haitembei tena kwa ulaini kwenye bushi zake. Wanaojua hupiga alama chache za moto, wanasubiri bomba lipoe, kisha wanahamia upande wa pili.

Njia niipendayo zaidi mbele ni ya kubadilisha stabu ekseli. Ile mpya imetengenezwa ikiwa na kishikio cha gurudumu kilichopandishwa juu sentimita kadhaa. Bodi linashuka, lakini bapa ndani ya mabomba hazijui kilichotokea. Pembe yao ni ileile na nafasi ya kupanda na kushuka imebaki. Mafundi wengi hugawa kazi: sehemu kubwa huichukua stabu ekseli, na iliyobaki huirekebisha kifaa cha katikati. Shokapu fupi nazo ni lazima, la sivyo zile za zamani zitafika mwisho wake kabla springi haijaanza kazi.

Kombi hizi zina jambo moja zaidi, na hapo ndipo ujuzi unapopimwa kwelikweli. Kwenye kila gurudumu la nyuma kuna sanduku dogo lenye gia mbili, urithi wa gari la kijeshi la Kübelwagen. Ekseli inaingia kwenye gia ya juu, gurudumu linatoka kwenye gia ya chini, na gari zima linasimama juu zaidi. Kuyaondoa masanduku haya kunashusha nyuma sana bila kugusa fimbo hata kidogo. Lakini gia mbili zinazosagana hugeuza mwelekeo. Ukiziondoa na kuacha giaboksi ilivyo, utakuwa na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kwa hiyo lazima giaboksi ifunguliwe, krauni ihamishiwe upande wa pili, na nafasi kati ya meno ipimwe upya. Au itafutwe giaboksi ya Beetle, ambayo tangu mwanzo haikuwa na masanduku hayo.

Na kushusha kuna bei yake. Ekseli za Kombi hizo hubembea kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo gari likishuka magurudumu ya nyuma huinama, vichwa vyao vikaingia ndani. Wapo wanaolipenda umbo hilo. Mimi naliona zuri likiwa dogo. Likizidi, tairi linalika ukingo wa ndani na kushika barabara kwa kipande tu. Mbele nako, pua ikilala kuliko mkia, kingpini hupoteza kuegama kwao nyuma, na steringi inakuwa nyepesi na ya kuyumba. Kwa gari lenye uso bapa namna ile, upepo wa pembeni kwenye barabara kuu si wa kuchezewa. Tairodi nazo zikikaa kwa pembe mbaya, kila tuta linageuza magurudumu kidogo bila dereva kutaka.

Ndiyo maana kazi haiishii kwenye stendi. Fundi hulishusha gari, hulisukuma mbele na nyuma ili magurudumu yatulie, hulitikisa kila kona, kisha hupima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande nne. Hulipakia mzigo litakaobeba kweli, watu au kitanda na jiko la safari, na kupima tena. Kona moja ya nyuma ikiwa imezidi milimita sita, anaijua dawa: jino moja huku, jino moja kule, na kazi ya upande huo inaanza upya. Alainimenti hufanywa baada ya hapo. Taa za mbele huelekezwa upya, kwani pua ikiinama mwanga wake unaangukia karibu mno. Na kama matairi mapya ni madogo, huirekebisha spidomita pia, kwa sababu waya wake unazungushwa na gurudumu la mbele la kushoto, na tairi dogo litaifanya ionyeshe kasi kubwa kuliko ile ambayo gari linakwenda.