Guest Additions: kuiweka ni neno moja, kutumika ni lingine

Mimi nilisoma kilimo, si informatiki. Lakini hii miaka yetu, mwenye kusoma udongo na mvua anaishia mbele ya ordinateri. Njo maana leo ninataka kupima chombo kimoja bengi wetu tunatumia bila kukifahamu: Guest Additions ya VirtualBox.

Kwa mwenye hajue: VirtualBox inawasha ordinateri ingine ndani ya ile uko nayo. Mu laptopu yangu ya Windows niko na seva ndogo ya Ubuntu. Ninaingizamo vipimo vya mvua vya shamba letu, na yenyewe inapigia kila kipimo tarehe na saa. Windows ni mwenye nyumba, Ubuntu ni mgeni. Guest Additions inawekwa ndani ya mgeni ili asikilizane na mwenye nyumba: saa ziende pamoja, wagawane folda, skrini ikae vizuri.

Kwanza sifa, juu ni haki yake. Umeme ukienda, ninahifadhi hali ya seva na kuzima laptopu. Kesho yake mgeni anaamka akiamini bado ni jana. Intaneti haiko kila saa, basi hawezi kuuliza saa kwingine. Kabla ya Guest Additions, vipimo vya siku 3 viliandikwa na tarehe ya uongo. Niambieni, utapanga siku ya kupanda maharagi na mvua ya namna ile? Leo mgeni akiamka, saa inanyooshwa yenyewe. Hapo hakuna wa kubisha.

Sasa makosa. La kwanza: inajifanya CD. Unafinya mu menyu, CD inaingia, unafikiri yote iko ndani. Kwa Linux si vile. Programu inapaswa kujenga vipande vyake palepale ndani ya mgeni, kwa kipimo cha kerneli yake, ule moyo wa mfumo. Inaomba gcc, make, na faili za linux-headers za kerneli ileile. Hizo zinatoka ku intaneti, na mega zetu tunazinunua kwa hesabu. Nani alikuonya mbele?

La pili: kesho Ubuntu inabadilisha kerneli. Kama linux-headers mpya hazipo, vipande havijijengi tena, na folda ya kugawana inapotea. Sababu imeandikwa mu /var/log/vboxadd-setup.log, lakini ni nani alikufundisha kuifungua?

La tatu: folda inaonekana, ukiigusa unaambiwa hauna ruhusa. Dawa ni mstari mmoja: kumwingiza mtumiaji mu kikundi vboxsf, kisha atoke na kuingia upya. Mimi nilipoteza juma nzima.

Hapa lawama inageukia walimu. Mu formasio niliyofuata, mwalimu alisimamia pale skrini iliandika kwamba imeisha. Tukapiga picha, tukapewa cheti. Hakuna aliyezima seva na kuiwasha tena ili tuone kama inatumika. Ni kama kuhesabu mavuno siku ya kupanda! Na kesho sisi njo tunaitwa wataalamu.

Tena kuko njia nyepesi hawaisemi. Upande wa VMware, open-vm-tools ilifunguliwa kwa wote tangu 2007, na Ubuntu inaitoa kama paketi ya kawaida. Hata kwa VirtualBox, Ubuntu iko na paketi virtualbox-guest-utils. Kerneli ya Linux yenyewe inabeba vboxguest tangu 4.16 ya 2018, na vboxsf tangu 5.6 ya 2020. Paketi inaweza kuwa nyuma kidogo ya VirtualBox yako, ni kweli. Lakini kwa seva ya mwanafunzi, mara nyingi inatosha, na haikuombe kujenga kitu.

Hukumu yangu: chombo ni kizuri, mlango wake ni mbaya, na wenye kutuonyesha mlango wanatuacha kizingitini. Ukiisha kuiweka, washa upya, andika lsmod | grep vbox, angalia saa, fungua folda. Hivyo vitatu vikiitika, njo useme umeweka.