Mkono Unaoshika Mzani

Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo, mkono mmoja ukishika njia ya Shinyanga na Mwanza, mwingine ukielekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda. Mwanafunzi anayesoma kompyuta mahali kama hapo hufundishwa kwanza majina ya sehemu za mashine, na athari za kompyuta kwa jamii huachiwa sura ya mwisho. Huko ni kuuvunja ufundi vipande viwili. Msanifu wa mifumo huuliza mambo matatu kabla programu haijaandikwa: nani anaandika, nani anasoma, na nani ana haki ya kuhakiki. Maswali hayo yanahusu watu tangu mwanzo, na ndiyo yanayonifanya niupende ufundi huu kuliko mashine zake.

Usukuma, ambako Tinde ipo, inao ushahidi wa zamani wa jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walishuku mizani ya wanunuzi. Hawakuagiza mizani mipya. Waliweka wapimaji wao, waliolipwa na wakulima wenyewe, wasimame penye mzani wahakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, vilikua vyama vya ushirika vilivyounda shirikisho la Victoria mwaka 1955. Chuma kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni macho yaliyoruhusiwa kukitazama. Kwangu huo ni usanifu wa mfumo, tena wa hali ya juu. Ulinganishe na kompyuta ya kwanza nchini, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965: hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, ulifunga pamoja kitambulisho, simu na fedha, hata aliyekosa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) akajikuta hana njia ya kupokea pesa aliyotumiwa. Tena kidole cha mchimbaji wa madini, kilichosagwa na mawe na sururu hata alama zake zikafifia, si kidole cha karani. Anayesanifu lazima alijue hilo mapema.

Watasema shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na umeme hukatika. Ni kweli, lakini uchambuzi wa mfumo huanza kwa karatasi na penseli. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi: mwanangu anahitaji ajira, mambo ya jamii yabaki kwenye somo la uraia. Namheshimu mzazi huyo, kwa kuwa gharama za shule anazitoa kwa jasho. Hata hivyo, programu iliyoandikwa vizuri kwa mahitaji yaliyoeleweka vibaya haimfai mwajiri yeyote, na kuyaelewa mahitaji ni kuwaelewa watu.

Basi mwalimu awape wanafunzi wake mfumo wa kuchambua: soko la madini, kama yale yaliyofunguliwa ukanda huu tangu 2019. Mchimbaji mdogo analeta dhahabu; inapimwa uzito na usafi, bei inakokotolewa, mrabaha unakatwa. Wanafunzi wachore mishale ya kila taarifa, kutoka mkono hadi mkono. Kisha awaulize ni mshale upi unamrudia mchimbaji, na kama risiti anayoondoka nayo imeandikwa kwa lugha anayoisoma.