Safari ya Bahari Katika Fasihi Tunayofundisha: Insha Moja Kutoka Msimbati

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huandika insha ya kusimulia safari. Ni zoezi la zamani, na walimu wenzangu watakubali kwamba insha hizo hufanana kama pacha. Basi laondoka stendi alfajiri, msimulizi amekaa dirishani, Daraja la Mkapa lavukwa, nyumbani pafikiwa, na mwishoni twaambiwa kuwa safari ilikuwa nzuri. Msimulizi yuko peke yake hata kama gari limejaa.

Katika rundo la mwaka huu ilikuwamo insha moja ya namna nyingine, na ndiyo inayonisukuma kuandika makala haya. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Msimbati, mkoani Mtwara. Anasimulia safari ya mwaka 2013, alipokuwa na umri wa miaka tisa, akifuatana na bibi yake, shangazi, na majirani wawili waliokuwa mashoga wa bibi. Walikuwa wakienda arusini kisiwani Ibo, kaskazini ya Msumbiji. Walipanda mashua wakati wa kaskazi, wakapita mdomo wa mto Ruvuma, wakashuka Palma. Kutoka hapo wakapanda chapa (ndivyo Msumbiji wanavyoiita daladala) hadi Mocímboa da Praia, wakaendelea kwa barabara mpaka Macomia na Quissanga, kisha wakarudi tena majini pale Tandanhangue, kivuko cha kwendea Ibo. Walikuwa na godoro moja la zawadi, na godoro hilo limepewa nafasi kubwa katika insha kuliko bwana arusi.

Mwenzangu aliyeisahihisha aliipa alama tisa kati ya ishirini. Pembeni aliandika maneno mawili: "Safari haisogei."

Ni kweli haisogei. Karibu nusu ya insha ni watu wanaosubiri. Anayepajua Tandanhangue ataelewa sababu. Mlango wa kuingilia Ibo umezungukwa na mikoko na maji yake ni machache. Chombo hakiondoki mpaka maji yajae, na msafiri aliyefika wakati wa kupwa hukaa. Bibi anapika. Shangazi anamsuka mtoto. Jirani mmoja, ambaye mamake alikuwa Mmwani, anasemezana na wanawake wa pale na kuwafasiria wenzake. Mtoto anagundua kwamba kwa Wamwani neno "mwani" ni pwani, wala si yale majani ya baharini yanayolimwa na kuanikwa, na kwa hiyo Kimwani ni lugha ya watu wa pwani. (Darasani kwangu kila mwaka yuko anayedhani ni lugha ya wakulima wa mwani. Simlaumu, kwa kuwa hatujamfundisha vingine.)

Mwenzangu si msahihishaji mbaya. Anatumia kipimo ambacho sote tumefundishwa, na kipimo hicho kimetokana na vitabu tunavyovisomesha. Tuvitazame viwili.

Cha kwanza ni mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Humo Selim bin Abakari, Mngazija, anaeleza safari yake ya mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa bwana wake Mjerumani. Ni maandishi ya thamani kubwa, na jicho la Selim ni kali. Lakini hiyo ni safari ya mtu aliyetengwa na jamaa zake, anayekwenda mbali ili arudi na habari za maajabu. Thamani yake inapimwa kwa umbali. Tippu Tip naye, katika Maisha yake, anakumbuka kuwa alianza misafara midogo akiwa kijana wa miaka kumi na miwili pamoja na wajomba na ndugu. Sehemu hiyo ni fupi, na sisi walimu tunaipita mbio ili tufike Tabora na Kongo.

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Hiki ndicho kitabu ambacho wanafunzi wengi wakiulizwa juu ya safari ya baharini na ndugu hukitaja kwanza. Je, bahari inafanya nini humo? Hasidi na Mwivu wanamtupa Adili majini kwa wivu. Bahari ni mahali pa kufichulia tabia; ni mizani ya maadili. Jahazi lenyewe halikumshughulisha sana mwandishi. Nadhani sababu iko wazi: msuko wa hadithi hii unafanana mno na ule wa Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Kwa hiyo bahari ya Adili imetoka kitabuni. Sisemi hivyo kwa kumshusha Shaaban Robert, ambaye aliitumia apendavyo na kwa ufundi. Ninasema kwamba mwanafunzi aliyelelewa na kitabu hicho, na mwalimu wake pia, hawana kielelezo cha safari ambayo ndugu wanakaa pamoja chomboni siku mbili na hakuna anayemtupa mwenzake.

Insha ya Msimbati imeandikwa nje ya vielelezo vyote viwili. Msukosuko wake mkubwa ni godoro kulowa. Mhusika mkuu ni kundi: kitenzi baada ya kitenzi kina "tu-", na "ni-" inaonekana pale tu mtoto anapotapika. Wakati wake unapimwa kwa maji. Katika insha hiyo mna bamvua na maji mafu, lakini saa haitajwi. Huo ni mtiririko, ila ni mtiririko wa maji kujaa na kupwa, na msahihishaji aliyezoea basi hauoni.

Ina dosari. "Tulifurahi sana" imerudiwa mara sita. Aya zimekatwa ovyo. Hitimisho ni lile lile la "safari ilikuwa nzuri", ambalo laiti lingekatazwa. Lililonishughulisha zaidi ni ukimya wake juu ya mpaka. Hatuambiwi kama kulikuwa na hati zozote. Mwandishi anasema tu "ng'ambo". Mwanzoni niliuona kuwa upungufu, na sasa sina hakika hiyo. Pembe ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaiteka mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Kwa bibi aliyezaliwa kwenye ukoo wenye nyumba pande zote mbili, "ng'ambo" ni neno sahihi kuliko "nchi ya kigeni". Katika fasihi yetu ng'ambo imezoeleka kuwa Ulaya. Hapa ni ukingo wa pili wa mto.

Tunaifundishaje pwani hii? Katika somo la isimu tunaitaja kwa mhadhara mmoja: Thilo Schadeberg aliandika mwaka 1994 juu ya Kimwani katika ukingo wa kusini wa Kiswahili, tunachora jedwali la msamiati, tunakwenda zetu. Barua za karne ya 19 za kaskazini ya Msumbiji, zikiwamo za Quissanga, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Maputo, ambazo Chapane Mutiua amezichunguza, hazimo katika orodha yetu ya fasihi.

Na njia ile haikubaki kama ilivyokuwa. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Mwishoni mwa mwaka 2020 mashua zilizojaa familia zilikuwa zikishusha watu ufukweni Paquitequete, mjini Pemba: mabibi, mashangazi, watoto, majirani, na pengine magodoro. Mwanafunzi huyu hakuandika lolote juu ya hayo. Nilipomwuliza, alisema swali lilitaka safari aliyoifanya yeye, na tangu siku ile hawajakwenda tena.

Nimemwomba aiandike upya, apunguze furaha, aongeze kusubiri. Mwenzangu naye amekubali kuisoma mara ya pili. Alama imepanda hadi kumi na mbili. Maneno yake ya pembeni amekataa kuyafuta.